Asiyeuliza Hutolewa Kwanza

Kaka yangu Wilbrodi hajawahi kuiba, hajawahi kulewa, na hajawahi kufika kazini akiwa amechomekea shati pande zote. Ana miaka thelathini na tisa. Ofisi yake ni chumba cha nyuma cha duka langu la fotokopi na madaftari pale Kerege, barabarani, na ukiulizia fundi wa kompyuta kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, watakuelekeza kwenye mlango wangu. Umeme wa mashine zake nalipa mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu nitamsema vibaya mara kadhaa, na ni haki msomaji ajue kinyongo changu kilianzia wapi.

Naitwa Vaileth. Baba yetu alitoka Bukoba kuja kuwa seremala wa misheni, akaoa, akasahau kurudi. Mama yetu ni Mwalimu Paskalina, aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, na nyumbani alikuwa na kanuni moja iliyozipita zote: ukishaomba, umeomba. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia mtu kwamba humwamini. Ahadi ni deni, alikuwa akisema, na mwenye deni lake analijua. Wilbrodi aliwahi kuomba viatu vya shule mwezi wa kwanza, na mpaka Pasaka alikuwa anakwenda shule vidole viko nje, kwa sababu alikuwa ameshaomba. Baba alikuwa amesahau kabisa. Mama alijua kwamba baba amesahau, lakini hakutaka kumharibia mtoto malezi.

Wala si mama peke yake. Pwani hii ndivyo tulivyo. Mtu uliyemwahidi mchele wa shughuli atapita mbele ya nyumba yako mara tatu kwa siku, atakusalimu, atauliza habari za watoto, za kazi na za mvua, na mchele hatautaja. Ukikutana na mtu wa kukumbushakumbusha, jua ama ametoka mbali ama ni dalali.

Mama ana jicho moja. La kulia lilikwenda miaka minne iliyopita kwa presha ya macho, na kwa kuwa lilikwenda taratibu hakumwambia mtu. La kushoto lina mtoto wa jicho, na mtoto huyo amekua. Hata hivyo bado ni msomaji wa somo la kwanza kanisani. Kila Jumamosi jioni Wilbrodi huenda kwake Bagamoyo, humsomea somo mara nne au tano, naye hulikariri. Jumapili hupanda mimbarini, hufungua kitabu kikubwa, hukikodolea jicho, na husoma neno kwa neno bila kuona hata herufi moja. Paroko anajua. Waumini wanajua. Hakuna anayesema, maana nusu yao ndiye aliyewafundisha kusoma.

Hospitali za kulipia zilitutajia bei, tukashukuru, tukatoka. Daktari wa mwisho alituambia kwamba jicho hilo likipasuliwa mapema litaona vizuri, na likicheleweshwa yeye haweki dhamana. Kwa hiyo tulikuwa tunaingojea kambi ya macho.

Kambi hiyo huandaliwa kila mwaka na familia za wafanyabiashara, Waislamu na Wahindu kwa pamoja, na mwenyekiti ni Mzee Hakimuddin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Kerege. Madaktari huja na lori lenye chumba cha upasuaji ndani. Godauni la Mzee Hakimuddin hutolewa saruji, hupakwa chokaa, hugeuzwa wodi, na mgonjwa halipi kitu. Kasoro ilikuwa foleni. Miaka yote watu wa Kiwangwa walikuwa wakilala barazani siku mbili wakingoja namba. Mwaka huu Mzee Hakimuddin akasema imetosha, watu wajiandikishe kwa simu, akamwita Wilbrodi.

"Seva ya dukani unayo," alimwambia. "Tumia hiyo hiyo. Ni sadaka yangu."

Seva hiyo sina budi kuieleza, na nitajaribu kutumia muda mfupi kuliko alioutumia kaka kunieleza mimi. Mzee Hakimuddin anauza pia kwa tovuti: marumaru, rangi, vitasa, mabomba ya kuogea, kila kimoja na picha yake. Watu wa Dar walionunua viwanja Mapinga hukaa maofisini mwao wakitazama mabomba. Picha zenyewe zimehifadhiwa mahali pa kudumu, tuseme kabatini. Lakini kufungua kabati kila mara kunachukua muda, na mtu wa Dar hana subira. Kwa hiyo kuna seva nyingine ndogo, yenye kasi, ambayo huweka mezani vile vinavyoulizwa sana ili vipatikane upesi. Mafundi wanaiita kashe. Meza yenyewe haiwezi kuwa kubwa, kwa sababu ukubwa unalipiwa, na ikijaa lazima kitu kitoke.

Mwaka uliotangulia Wilbrodi hakuiwekea kikomo wala sheria ya kutoa. Ikajaa, ikazidi kujaa, mpaka ikamaliza memori ya mashine nzima, na tovuti ya duka ikazimika siku tatu za mwisho wa mwezi. Mzee Hakimuddin hakugomba. Alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai yangu, akauliza habari za mama, akaenda zake. Wilbrodi alikosa raha wiki nzima.

Safari hii alijipanga. Aliandika kikomo kwenye faili la mipangilio, megabaiti mia mbili hamsini na sita, isizidi hapo. Ikabaki kuchagua sheria ya kutoa, na alikuja kunieleza kana kwamba nami nina kura.

"Ikijaa, inaweza kukataa kitu kipya kisiingie," alisema. "Inaweza kutoa chochote tu, bahati nasibu. Inaweza kutoa kile ambacho hakijaulizwa kwa muda mrefu kuliko vyote. Au inaweza kutoa vile tu nilivyovipangia muda wa kukaa, vingine isiviguse kabisa."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikasema.

"Ndiyo hiyo ya mwisho."

"Basi weka hiyo."

Akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyesoma. Hiyo ya mwisho ingemlazimu kuzipangia muda picha elfu moja na mia nne, kazi ya mchana mzima. Bora ile ya kumtoa asiyeulizwa, ndiyo inayotumika dunia nzima. Kitu kisichoulizwa hakihitajiki, na hata kikitolewa mezani, kabatini kipo, kinarudishwa. Niliona ana hoja. Isitoshe nilikuwa na mteja anayengoja nakala za kitambulisho, nikarudi kwenye kazi inayolipa umeme.

Kambi ilipokaribia, akaiweka orodha ya wagonjwa juu ya meza hiyo hiyo. Kabatini hakuiweka. Si mjinga kaka yangu, ila Mzee Hakimuddin alitaka watu waanze kujiandikisha Jumatatu na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Akajiandikia karatasi, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: "Orodha ya macho, hamishia kabatini." Kila asubuhi aliitazama. Baada ya siku nne ikawa sehemu ya ukuta.

Kwa mgonjwa mambo yalikuwa mepesi. Unatuma neno JICHO na jina lako, unajibiwa kwamba umepokelewa, na unapewa namba. Ukiwa na wasiwasi unatuma ULIZA, unajibiwa kwamba upo. Nafasi zilikuwa mia moja na hamsini. Mama alituma siku ya kwanza asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kupapasa vitufe. Wilbrodi aliliona jina likiingia, akampigia simu pale pale.

"Mama, umeingia. Namba kumi na nne."

Mama akashukuru, na hakutuma tena kitu. Aulize nini? Ameahidiwa, tena na mashine ya mwanawe.

Sharifu, dalali wa viwanja wa Mapinga, aliuliza. Mtoto wake wa jicho alikuwa bado mdogo, lakini wasiwasi wake ulikuwa mkubwa. Aliuliza akiamka, aliuliza akinywa chai, aliuliza akiwaonyesha wateja mipaka ya viwanja. Siku moja aliuliza mara kumi na tisa. Wilbrodi alinionyesha, akasema huyu bwana ataichosha mashine. Kumbe mashine haichoki. Ilikuwa inamwona Sharifu kuwa ndiye mtu wa maana kuliko wagonjwa wote wa kambi.

Wiki tatu zikapita kwa amani. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa memori ulipanda mpaka kwenye kikomo, ukalala hapo umenyooka, na kaka aliniita mara mbili niutazame. Mzee Hakimuddin akamletea kilo mbili za halua kwa furaha. "Hakuna lalamiko hata moja," Wilbrodi alisema akiwa anakula, na ilikuwa kweli tupu. Waliokuwa wanatolewa hawakuwa watu wa kulalamika.

Ijumaa saa tisa alasiri, siku moja kabla ya kambi, aliniletea orodha niichape. Mimi huwa nasoma ninachokichapa, ndiyo starehe pekee ya kazi ile. Nikalitafuta jina la mama. Baada ya namba kumi na tatu ilikuja kumi na tisa. Nikafikiri wameandikwa kwa mpangilio mwingine, nikasoma mpaka chini. Namba ya mwisho ilikuwa mia mbili na kumi na moja, lakini majina, nilipoyahesabu, yalikuwa mia moja na hamsini kamili.

"Kaka," nikaita, "mama yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Humu ndani."

Akaichukua karatasi. Nimemwona Wilbrodi akizika baba, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alikaa kwenye kompyuta, akabonyeza, akabonyeza, kisha akanieleza bila kunitazama. Kila mtu wa Dar alipofungua picha ya bomba jipya, mashine ilitafuta nafasi. Iliangalia nani hajaulizwa siku nyingi, ikamkuta mkulima wa Kiwangwa au mwalimu mstaafu wa Bagamoyo, ikamtoa. Orodha ikionekana ina nafasi, ikampokea mgonjwa mwingine na kumpa namba mpya. Watu sitini na mmoja walikuwa wameondoka hivyo. Mashine inaweka hesabu ya vitu ilivyovitoa, elfu tisa na ushee, picha na watu pamoja, ila majina haiweki. Kwa maneno mengine, mama yetu alitolewa na bomba la kuogea.

"Na kabatini?" nikauliza.

Akaitazama ile karatasi ukutani.

Nilimchukia kaka yangu kwa muda wa kama dakika kumi, chuki ya kweli, na sioni aibu kuisema. Amejua kompyuta za watu wote wa barabara hii, na jicho moja la mama yake limemshinda kulitunza kwa wiki tatu. Nikamwambia lililokuwa moyoni mwangu. Afute jina la Sharifu, aandike la mama. Orodha ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye mashine, wino haujakauka, nani angejua?

Akaweka vidole juu ya vitufe. Nilidhani ataandika.

"Sharifu ameandikishwa kihalali," alisema mwishoni.

"Hata mama."

"Hata mama," akakubali. Akainuka, akachomekea shati, upande mmoja, akaenda kwa Mzee Hakimuddin. Nikafunga duka nikamfuata, maana sikumwamini kwamba angefika.

Mzee Hakimuddin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Hansa, ambaye sote tunamwita Mama Mihir, mtunza vifaa wa kambi, akamuuliza lenzi zilizoletwa ni ngapi. Mia moja na themanini, akajibu Mama Mihir. Thelathini za ziada, basi. Ikakubaliwa kwamba kesho yake, waliotolewa watakaofika na meseji yao ya kwanza kwenye simu wataingizwa kwa kufuata namba, mpaka lenzi ziishe. Hapo nilipumua. Mwenye namba kumi na nne angekuwa mbele ya wote. Tulikubaliana, mimi na kaka, kwamba hakuna haja hata ya kumshtua mama.

"Na watu tuwaambie nini?" Wilbrodi aliuliza.

"Mtandao," alisema Mzee Hakimuddin bila kufikiri.

Sikumlaumu. Mtandao umebeba dhambi nyingi katika nchi hii. Hauna jina la ukoo, hauna mama, na hauwezi kusimama ukajitetea. Ukikosa pesa yako ni mtandao, ukikosa cheti chako ni mtandao, na wewe mwenyewe ukisikia neno hilo unaitikia kwa kichwa, unageuka, unarudi nyumbani. Nami nilitaka sana kaka yangu alitumie.

Jumamosi asubuhi uwanja wa godauni ulijaa. Mama alikuja amevaa kitenge kipya, ameshika kikapu chenye nguo za kulalia na rozari. Majina yaliposomwa, nikaona wazee wakitazamana. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Hakimuddin akampa Wilbrodi kipaza sauti na kumnong'oneza lile neno.

"Wazee wangu, shikamooni," Wilbrodi alianza. "Kuna watu sitini na mmoja waliojiandikisha na majina yao hayamo. Niliambiwa niseme ni mtandao. Si mtandao. Mtandao haukukatika hata siku moja. Ni mimi. Niliifundisha mashine kwamba mtu asiyeuliza hahitajiki. Kwa hiyo walioniamini wakanyamaza, ndio iliowatoa."

Mzee Hakimuddin aliinamisha kichwa. Mzee mmoja wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi aitwaye Mohamedi, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mwanangu, kwa hiyo tungekusumbua tungebaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo mashine hukuifunza adabu," alisema kwa upole kabisa, akatoa simu mfukoni aonyeshe meseji yake.

Matusi yangemuuma kidogo kuliko hayo.

Waliofika na meseji walikuwa arobaini na wanne. Mama Mihir aliwapanga kwa namba, na kwanza kabisa akamwita mama.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba simu yako."

"Marahaba. Hii hapa."

Mama Mihir alibonyeza, akashuka chini, akapanda juu. Akabonyeza tena. "Mwalimu, humu meseji yetu haimo," alisema.

Wilbrodi akaichukua simu. Pembeni mwa kioo palikuwa na kibahasha kinachowaka na kuzimika. Kila mwenye macho anajua maana yake: sanduku la meseji limejaa, mpya haiwezi kuingia. Mama hakuwa na macho ya kukiona. Akafungua sanduku. Meseji mia mbili, na zote zilitoka kwa mtu mmoja. Zilitoka kwa baba, ambaye tulimzika miaka saba iliyopita, na mama hakuwa amefuta hata moja.

Kwa hiyo shahidi wa pekee kwamba Mwalimu Paskalina alijiandikisha siku ya kwanza alikuwa mwanawe.

"Mwalimu ataingia," alisema Mzee Hakimuddin. "Mwanawe aliliona jina lake, na leo hakuna mtu hapa ninayemwamini kuliko yeye."

"Ahsante, Mzee Hakimuddin," mama alisema. "Hao wenye meseji, wangapi watarudi nyumbani kwa kukosa lenzi?"

"Kumi na wanne, Mwalimu."

"Wana ushahidi mkononi na wanarudi nyumbani. Mimi sina kitu, niwapite kwa sababu nimemzaa fundi?"

"Mama, jicho halingoji," nikamwambia. Sikujali nani anasikia.

"Najua, Vaileth. Ni langu."

Akageuka, akaomba mtu amshike mkono mpaka barabarani. Nilimkasirikia pia, tena kuliko nilivyomkasirikia kaka, kwa kuwa kaka angalau alikuwa na makosa. Sharifu alipasuliwa wa tatu. Nasikia alipotoka aliwauliza madaktari mara mbili kama kweli wamemaliza.

Mganga hajigangi, walisema watu wa Kerege siku nzima, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kulisema. Mzee Hakimuddin aliwabana madaktari mpaka wakaahidi kurudi baada ya miezi sita. Kaka alitaka kuuza mashine zake ili mama akapasuliwe mjini. Mama akamuuliza wale kumi na wanne wao watauza nini. Alichoweza kukifanya alikifanya. Mchana ule ule alizipangia picha zote muda wa siku mbili, akaihamishia orodha mahali pa kudumu, na ilimchukua saa nne kasoro dakika chache. Nilimpimia muda makusudi.

Jumapili mama alisoma somo lake bila kukosea. Baada ya chakula tulikaa barazani kwake, na Wilbrodi akasema amefungua orodha mpya, mama ajiandikishe. Mama akapapasa vitufe, akatuma. Tukangoja. Kibahasha kikawa kinawaka na kuzimika.

"Jibu limeshatumwa, mama, ila halina pa kuingia," alisema Wilbrodi. "Lazima ufute meseji moja. Moja tu."

"Mimi nitakuandika kwa kalamu," nikasema.

"Hapana. Safari hii nataka yangu mkononi," mama alisema. Akampa kaka simu. "Nisomee."

Hatukuwa tumewahi kuzisoma, mimi wala yeye. Baba alikuwa anaandika kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. "Nimefika Kiwangwa. Barabara mbaya."

"Hiyo hapana," mama alisema.

"Usinisubiri kula."

"Hapana."

"Chumvi ipo?"

"Hapana kabisa."

Akasoma misumari, akasoma mbao za mninga, akasoma mafua ya baba ya mwaka mzima. Zilifika kama hamsini, na kila moja ilikuwa hapana. Wilbrodi akajaribu njia nyingine.

"Mama, tutafute basi ambayo huisomi sana."

"Sijaisoma hata moja tangu jicho liharibike," mama alisema. "Kwa sheria yako, Wilbrodi, ningezifuta zote."

Kaka akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine, mpaka akafika mahali akasimama.

"Soma," mama alisema.

"Nimeona matokeo ubaoni chuoni. Wilbrodi amewapita wote. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Naikumbuka siku ile, imepata miaka kumi na mitatu. Baba alirudi kutoka Dar, akanawa, akala, akasema kwamba matokeo ya mtihani yamebandikwa na Wilbrodi akaangalie. Hakusema zaidi, na kaka hakuuliza, hatukulelewa kuuliza. Alikwenda kesho yake, akaona mwenyewe, akarudi. Baba akasema vizuri, akaendelea kupiga randa. Wilbrodi aliwahi kuniambia kwamba siku ile alijua baba hana habari naye.

Mama alikuwa ametulia kwenye kiti, uso ameuelekeza sauti ilikotoka.

"Futa hiyo," alisema.

"Mama, hii..."

"Hiyo ilikuwa yako. Mimi nilikuwa naitunza tu. Imeshafika."

Kaka alibonyeza. Simu ikalia papo hapo mkononi mwake, na mama akamwambia asome. Akaninyooshea simu. Nikasoma mimi: amepokelewa, namba yake ni moja.

"Moja?" mama aliuliza kwa ukali. "Wilbrodi, umenipendelea?"

Kaka akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, kisha akakumbuka kwamba mama haoni, ikambidi aseme.

"Hapana, mama."